Gunia Moja

Kibao nilikiandikisha kwa rangi ya buluu:
MASIBO, MTALAAMU WA VINU VYA KUSAGA.
CHETI. UZOEFU. BEI NAFUU.
Nikakipigilia kwenye mlango wa mabati
nyuma ya soko la Chwele, pale wanapouza vitunguu.

Miezi sita kibao kikasoma watu.
Watu hawakukisoma.
Mbuzi walijikunia mgongo papo hapo.
Mafundi wenzangu walikuwa na vibao vilevile,
rangi ileile, sifa zilezile,
hata kosa lilelile la mchoraji:
MTALAAMU, sote, safu nzima.

Kisha siku moja ya soko
mwanamke mwenye mkanda wa kinu uliokatika begani
aliniuliza, bila kukitazama kibao:
"Wewe umewahi kuharibu nini?"

Sijui kilichonifungua kinywa.
Nikamweleza kinu cha Khalayi, kule Sirisia,
jinsi nilivyokaza nyundo moja nusunusu
kwa kuwa jua lilikuwa linatua nami nina njaa;
jinsi ilivyochomoka ndani ya ngoma, ikala chekeche,
unga ukatoka na vumbi la chuma,
nami nikaandaliwa sima ya unga uleule, nikala,
nikasikia meno yanasaga kinu.
Nikauza baiskeli. Nikanunua nyundo na chekeche,
nikarudi usiku uleule.
Tangu hapo kila nati naikaza mara mbili,
kisha naigusa kwa ncha ya kidole
kama mtu anayepima uji wa mtoto.

Aliniachia mkanda wake.
Juma lililofuata akaja dada yake.

Hadithi ina miguu kumshinda fundi.
Ilifika Malakisi kabla yangu,
ilipanda Kapsokwony bila koti.
Nilikuta wageni wakiniulizia:
"Yuko wapi yule wa sima ya chuma?"
Jina hilo hakuna mchoraji angenipa.

Lakini hadithi ikilishwa hunenepa.
Mpwa wangu Wekulo, mwenye simu ya kurekodi,
alinisimamisha kando ya jenereta:
"Mjomba, baiskeli haina uzito. Sema ng'ombe.
Sema magunia tisa. Sema mvua ilikuwa inanyesha."
Nikasema. Mvua ikanyesha.
Ng'ombe ambaye sikuwahi kumkama
nikampa jina, na siku nyingine nikamlilia.

Ndipo akaja Khalayi mwenyewe, na leso ya kijivu,
akaketi kwenye benchi katikati ya wateja,
akanisikiliza hadi mwisho.
Ng'ombe alipouzwa, aliguna.
Kisha:
"Gunia lilikuwa moja.
Nusu tuliwapa kuku, na kuku hawakufa.
Mvua mwaka ule tuliisikia kwa majirani.
Na hukurudi usiku ule, Masibo.
Ulirudi siku ya tatu."

Benchi likanyamaza.
Wekulo akaishusha simu.
Nilitamani kujificha nyuma ya kibao changu chenye kosa.
"Ni kweli," nikasema. "Siku ya tatu."

Mtu mmoja wa Kapsokwony, mkimya tangu asubuhi,
mwenye beringi mbili alizozifunga ndani ya gazeti,
akauliza: "Siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Natafuta wa kumlaumu.
Siku ya kwanza nikamlaumu aliyeniuzia spana.
Ya pili nikalilaumu jua.
Ya tatu, asubuhi, wa kulaumiwa wakaisha."

Khalayi akacheka, kicheko kifupi,
kama injini inayokataa, halafu inawaka.
Yule mtu akalifungua gazeti polepole,
akaziweka beringi zote mbili kiganjani mwangu.
"Kesho saa mbili," akasema.
"Na ukiharibu, usingoje siku ya tatu."